Mashine Inajipangia Dadu? Jibu kwa Msomaji wa Kisauni

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Nina duka dogo la kupiga chapa na kutoa fotokopi huku Kisauni, na wateja wanapopungua jioni hucheza mchezo wa dadu tano uliomo kwenye kompyuta. Mwanangu ndiye aliyeniwekea, akanionyesha haraka haraka vitufe vya kubofya, kisha akarudi chuoni. Nacheza dhidi ya mashine. Katika michezo kumi nashinda mmoja au miwili. Alama zangu hukaa kwenye 170, zake hupita 230. Kila nikihitaji sita haiji, na mashine ikihitaji kitu inakipata. Je, inajipangia dadu? Na mchezo huu huchezwa vipi hasa?»

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ukishajua mchezo unavyochezwa, lile la kwanza litakuwa limejijibu kwa zaidi ya nusu. Iwapo dadu zafaa kuchezwa hata pasipo pesa, hilo ni la masheikh, nawe una wengi walio karibu kuliko mimi. Mimi nimeulizwa hesabu, na nitajibu hesabu.

Kwa maelezo yako, mchezo huo ni Yahtzee au mmoja wa ndugu zake. Yahtzee ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956 na mfanyabiashara Edwin S. Lowe, mtu yuleyule aliyeueneza mchezo wa bingo nchini humo, na mwaka 1973 kampuni yake ikanunuliwa na Milton Bradley. Kwa kuwa jina hilo ni alama ya biashara, waandishi wengi wa programu huupa mchezo uleule jina jingine. Katika baadhi ya kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux, kwa mfano, unaweza kuukuta ukiitwa Tali. Jina si la kukusumbua. La kuangalia ni idadi ya visanduku vya kuandikia alama. Vikiwa 13, yote nitakayosema yanakuhusu. Vikiwa 15, na miongoni mwake kuna kisanduku cha jozi moja na kingine cha jozi mbili, basi unacheza Yatzy ya nchi za Skandinavia, ambayo bonasi yake ni kubwa zaidi na mifululizo yake hulipa kidogo sana, 15 na 20 tu, kiasi kwamba mtu anayeicheza kwa akili ya Yahtzee atakesha akiwinda vitu visivyo na bei. Nachukulia kwamba visanduku vyako ni 13.

Kila mchezaji ana zamu 13, na kila zamu lazima ijaze kisanduku kimoja. Kikishajazwa hakifunguliwi tena. Katika zamu moja una mitupo isiyozidi mitatu. Mtupo wa kwanza hurusha dadu zote tano. Baada ya hapo unachagua dadu za kushikilia kwa kuzibofya, kisha unabofya kitufe cha kutupa ili zilizobaki zirushwe upya, na baada ya mtupo wa pili unaweza kuachilia hata dadu uliyokuwa umeishikilia. Kuwa mwangalifu hapa, maana programu hazifanani: katika baadhi yake dadu iliyobofywa ndiyo inayobaki, na katika nyingine dadu iliyobofywa ndiyo inayotupwa. Nimemwona mtu mzima akirusha dadu zake nne nzuri na kubaki na ile mbovu, kisha akamlaumu Shetani. Kama umeridhika baada ya mtupo wa kwanza au wa pili, si lazima umalize mitupo yote. Unabofya kisanduku unachokitaka na zamu inaisha.

Visanduku vya juu ni sita, kimoja kwa kila uso wa dadu. Katika kisanduku cha Nne huhesabiwa nne peke yake: ukiwa na 4, 4, 4, 6 na 1 unaandika 12, na ile sita haina thamani yoyote hapo. Jumla ya visanduku hivyo sita ikifika 63 au zaidi, unaongezewa bonasi ya alama 35. Visanduku vya chini ni saba, navyo nitavipa majina ya Kiswahili ili tuelewane. Tatu Sawa huhitaji dadu tatu za uso mmoja na Nne Sawa huhitaji nne, na vyote viwili hulipa jumla ya dadu zote tano. Kile ambacho kwenye skrini nyingi huwekewa picha ya nyumba nitakiita Tatu-na-Mbili: dadu tatu za uso mmoja na mbili za uso mwingine, alama 25. Mfululizo Mfupi ni dadu nne zinazofuatana, kama 2, 3, 4, 5, nao hulipa 30. Mfululizo Mrefu ni tano zinazofuatana, nao hulipa 40. Dadu zote tano za uso mmoja ndizo Yahtzee yenyewe, alama 50. Cha mwisho ni Chochote, ambacho hupokea dadu zozote na kulipa jumla yake.

Kanuni inayowachanganya wengi ni ya Yahtzee ya pili. Ukiipata baada ya kuwa umekwisha kuandika 50 katika kisanduku chake, unaongezewa alama 100, na bado ni lazima ujaze kisanduku kingine: kwanza kile cha juu cha uso uleule, kama kiko wazi, kikiwa kimejaa, unaandika katika kisanduku chochote cha chini kilicho wazi na kulipwa kikamilifu, hata kama ni mfululizo, na vya chini navyo vikiwa vimejaa, unaandika sifuri katika kisanduku cha juu kilichobaki. Programu nyingine huiacha kanuni hii, kwa hiyo soma ukurasa wa maelezo wa programu yako. Kwa kanuni hiyo alama za juu kabisa zinazowezekana ni 1,575. Bila hiyo ni 375. Usizitafute.

Sasa tuje mahali ambapo alama zako zinapotelea. Kati yako na mashine kuna pengo la kama alama 60. Nikikisia bila kuliona jedwali lako, zaidi ya nusu ya pengo hilo ni bonasi ile ya 35, ambayo wewe huikosa mara nyingi na mashine huipata mara nyingi. Itazame ile 63 inavyojengwa: moja tatu ni 3, mbili tatu ni 6, tatu tatu ni 9, nne tatu ni 12, tano tatu ni 15, sita tatu ni 18, na jumla yake ni 63 kamili. Maana yake ni kwamba kila kisanduku cha juu kina deni la dadu tatu. Ukiandika dadu nne zenye sita, una akiba ya alama 6, inayotosha kufidia upungufu wa dadu mbili zenye tatu, au wa dadu tatu zenye mbili. Ukiandika dadu mbili tu zenye sita, umejitia katika deni la 6, na deni hilo haliwezi kulipwa kwa visanduku vya Moja na Mbili bila miujiza.

Kosa la kawaida la anayeanza ni hili. Mwanzoni mwa mchezo anamaliza mitupo yake akiwa na 6, 6, 6, 4 na 1. Skrini inamwonyesha kwamba akiandika katika Sita atapata 18, na akiandika katika Tatu Sawa atapata 23. Ishirini na tatu ni kubwa kuliko kumi na nane, anaandika 23, na amefurahi. Zamu nne baadaye sita hazijarudi kwa wingi ule, Sita inaandikwa 12 au 6, na bonasi imekwenda. Alama 5 alizozipata pale zimemgharimu 35 huku. Programu haikumdanganya, ilimwonyesha faida ya zamu ile moja tu, na nyingine huonyesha kwa rangi inayong'aa kabisa, kama muuza nguo anayekuonyesha bei na kukuficha kwamba kitambaa kinachuja. Dadu tatu za tano au za sita zikikuangukia mapema, mahali pake pa kwanza ni juu.

Jambo la pili halionekani mpaka ulipigie hesabu. Watu wengi husema moyoni, «Zamu hii nitatafuta sita,» kabla hata hawajatupa. Ukiamua uso kabla ya kuona dadu, kila dadu ina mitupo mitatu ya kukipata kile unachokitaka, na uwezekano wa dadu moja kufanikiwa ni 91 kati ya 216, yaani kama asilimia 42. Kwa dadu tano unatarajia, kwa wastani, dadu 2.1 tu za uso huo. Wastani huo uko chini ya tatu zinazodaiwa, na uwezekano wa kufika tatu au zaidi ni kama asilimia 35 peke yake. Kwa hiyo mtu anayejiamulia mapema anajipangia kukosa bonasi. Mtupo wa kwanza ndio unaokuambia zamu hii ni ya nini. Zikianguka dadu tatu zenye mbili, zamu ni ya mbili, hata kama roho yako ilikuwa kwenye sita. Na sita zitasubiri zamu nyingine ambayo zitakuja zenyewe mbili au tatu mwanzoni.

Hapa ndipo nalifikia lalamiko lako kwamba ukihitaji kitu hakiji, na mashine ikihitaji inakipata, kwa sababu jambo hilo linahusu jinsi mtu anavyojiweka kabla ya kutupa. Umewahi kuwatazama wachezaji wa dhumna barazani. Mchezaji mzuri hajiachii mkononi vipande vya aina moja vinavyongoja ncha moja; hupanga ili ncha yoyote itakayobaki wazi, awe na cha kuweka. Dadu nazo ziko hivyo. Tuseme umeshikilia 2, 3, 4 na 5, na una dadu moja ya kutupa. Moja ikija una Mfululizo Mrefu, na sita ikija unao pia. Milango ni miwili. Kwa mtupo mmoja uwezekano wako ni 1 kati ya 3, na kwa mitupo miwili ni 5 kati ya 9, zaidi ya nusu. Sasa tuseme umeshikilia 1, 2, 3 na 4. Inafanana sana, na macho huiona kuwa ni ileile, lakini tano peke yake ndiyo inayokufaa. Mlango ni mmoja: 1 kati ya 6 kwa mtupo mmoja, na 11 kati ya 36 kwa miwili, yaani kama asilimia 31. Na ukishikilia 1, 2, 4 na 5 ukingoja tatu, mlango ni mmoja vilevile, tena ikikosekana huna hata Mfululizo Mfupi wa kujistiri nao.

Mashine iliyoandikwa vizuri hujipeleka kwenye milango miwili kila inapoweza, na wewe, kwa jinsi ulivyoniandikia kuhusu zile sita, nadhani hukaa mara nyingi kwenye mlango mmoja. Ukisimama kwenye mlango mmoja na dadu moja, kukosa mara tano kati ya sita ndiyo kawaida. Mashine ikisimama kwenye miwili, hupata mara mbili ya unavyopata wewe, kwa dadu zilezile. Kwa mtu anayetazama kutoka kwenye kiti chako, jambo hilo lina sura yote ya wizi.

Tatu-na-Mbili hufuata hesabu hiyohiyo. Ukiwa na jozi mbili, kwa mfano 3, 3, 5 na 5, dadu moja inayobaki ina milango miwili, na kwa mitupo miwili una ile 5 kati ya 9. Lakini ukiwa na dadu tatu sawa na nyingine mbili zisizofanana, usishikilie moja ya hizo mbili ukingoja mwenziwe mapema mno. Rusha zote mbili, kwa sababu zikianguka jozi yoyote umepata Tatu-na-Mbili, na ikianguka moja ya uso ule wa tatu umeongeza hesabu ya kisanduku cha juu au cha Nne Sawa. Dadu mbili zilizo huru hufanya kazi tatu kwa pamoja.

Yahtzee yenyewe nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa watu huipa heshima isiyostahili. Dadu tano huanguka kwa namna 7,776, na kati ya hizo sita tu ndizo zenye nyuso zote sawa, kwa hiyo kuipata kwa mtupo mmoja ni bahati ya 1 kati ya 1,296. Ukiitafuta kwa mitupo yote mitatu, ukishikilia kila mara uso uliojitokeza kwa wingi, uwezekano unapanda hadi asilimia 4.6, ambayo ni kama mara moja katika zamu 22. Mchezo mzima una zamu 13. Ukiwa na dadu tatu sawa na mitupo miwili mbele yako, una kama asilimia 9. Ukiwa na nne sawa na mitupo miwili, una ile asilimia 31 tuliyokwisha kuiona. Kwa hiyo Yahtzee ipokee inapokujia njiani wakati unatafuta kisanduku cha juu, na usiache Mfululizo Mfupi uliokwisha kuwa mkononi ili kuikimbilia.

Kisha kuna zamu mbovu. Zitakuwapo, na sanaa nusu nzima ya mchezo huu ni kujua mahali pa kuzitupa. Umemaliza mitupo mitatu na mbele yako kuna 1, 1, 2, 4 na 6. Anayeanza huchagua kati ya Chochote, ambacho kitampa 14, na kisanduku cha Moja, ambacho kitampa 2, akaona 14 ni nyingi. Mimi, kama ni mapema katika mchezo, ningeandika 2 katika Moja bila kusita. Deni la Moja ni 3, kwa hiyo nimepungukiwa alama moja tu, na Chochote kimebaki wazi. Kisanduku cha Chochote, mtu akikifuatilia kwa makusudi, akishikilia tano na sita baada ya mtupo wa kwanza na kuongeza nne baada ya wa pili, hulipa wastani wa 23 na zaidi kidogo. Na zaidi ya alama hizo, ndicho kimbilio pekee lisilokukataa katika zamu za mwisho, wakati kila kisanduku kilicho wazi kina masharti. Moja ndiyo jaa la mchezo. Likishajaa, na mchezo ukiwa umefika mbali, mara nyingi cha kutoa kafara kwa sifuri ni Nne Sawa au Yahtzee, ambavyo kwa jina ni vikubwa na kwa uwezekano ni vidogo. Sifuri katika kisanduku cha alama 50 inauma machoni, lakini kisanduku hicho kikiwa na zamu tatu tu mbele yake hakina thamani ya 50. Kina thamani ya sehemu ndogo ya 50.

Yote haya ni ya kupata wastani mzuri. Dhidi ya mpinzani kuna nyongeza moja, nayo ni ya zamu mbili tatu za mwisho, kwa sababu hapo jumla ya alama haina maana tena isipokuwa kwa kulinganishwa na ya mwenzako. Tuseme umebakiwa na Chochote na Yahtzee, umeachwa kwa alama 45, na mashine imebakiwa na kisanduku chake cha Moja na kingine kilicho kigumu kujazika. Chochote hakiwezi kukupa zaidi ya 30. Kukusanya alama kwa adabu kutakufanya ushindwe kwa adabu. Zamu zote mbili ziwe za kuwinda Yahtzee: ukiikosa katika ya kwanza, zilizoanguka ziandike katika Chochote, kisha uwinde tena. Uwezekano wako wote ni kama asilimia 9, ambayo si nyingi, lakini ukiitumia zamu ya kwanza kukusanya alama za Chochote, unabaki na kama nusu yake tu. Ukiwa wewe ndiye unayeongoza, fanya kinyume chake, uchukue kila alama ya hakika na umwachie mwenzako kuhangaika.

Sasa swali lako la kwanza. Kompyuta haina dadu. Ina kanuni ya hesabu inayozalisha mfuatano wa namba zinazofanana na za nasibu. Mojawapo ya kanuni zinazotumika sana ni Mersenne Twister, iliyotungwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, mwaka 1997. Kanuni hiyo huanza na namba inayoitwa mbegu, ambayo mara nyingi huchukuliwa kutoka kwenye saa ya kompyuta. Mbegu ileile huzaa dadu zilezile kwa mpangilio uleule. Ndiyo sababu programu nyingine ya kizamani, iliyoandikwa na mtu aliyesahau kubadilisha mbegu, hukupa mtupo wa kwanza uleule kila unapoifungua. Ukikutana na hilo usidhani ni uchawi wala ujanja, ni uvivu wa mwandishi.

Uvivu mwingine unaweza kuzipinda dadu kidogo. Mwandishi huchukua namba ya nasibu kati ya 0 na 255, akaigawanya kwa sita na kutumia baki. Lakini 256 haigawanyiki kwa sita sawasawa. Hubaki nne, kwa hiyo nyuso nne za dadu hupata nafasi 43 kila moja na mbili hupata 42. Kasoro hiyo ipo, na mhandisi makini ataiondoa, lakini ni ndogo mno kuweza kukunyima sita zako jioni moja, na tena inakupata wewe na mashine kwa kiasi kilekile.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niamini kwamba mashine yako haikuibii, nayo umeniletea mwenyewe: alama zake. Mchezo huu umekwisha kupigiwa hesabu hadi mwisho. Visanduku 13, kila kimoja kikiwa kitupu au kimejaa, vinatoa hali 8,192. Zizidishe kwa jumla za juu kuanzia 0 hadi 63, ambazo ni 64, na una hali 524,288, bila kuhesabu ile kanuni ya alama 100 inayoziongeza. Kwa binadamu ni kazi ya maisha, na kwa kompyuta ni kazi ndogo: huanza na hali zilizobakiza kisanduku kimoja, ikajua thamani ya kila moja, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi mwanzo wa mchezo, bila kuona hata dadu moja ya mbele. Anayecheza peke yake kwa uamuzi ulio bora katika kila hatua, pamoja na ile kanuni ya alama 100, hupata wastani wa 254 na nusu hivi. Mashine yako inapita 230. Haifiki hata kiwango cha mchezaji kamili mwenye dadu za haki. Huenda inafuata kanuni chache rahisi alizoandikiwa. Mwizi anayepanga dadu zake mwenyewe na bado akabaki chini ya mchezaji mwaminifu angekuwa mwizi wa ajabu.

Lakini usiniamini kwa maneno, kwa kuwa karatasi unazo dukani. Chukua moja, uchore safu mbili, yako na ya mashine, kila moja ikiwa na mistari ya moja hadi sita. Andika dadu za mtupo wa kwanza tu wa kila zamu. Mitupo ya pili na ya tatu usiiingize, kwa kuwa dadu zilizoshikiliwa ukizihesabu tena utajikuta unapima uchaguzi wa mchezaji badala ya bahati yake. Baada ya zamu 60 zako na 60 za mashine, ambazo ni michezo mitano hivi, kila safu itakuwa na dadu 300, na kila uso unatarajiwa kuja mara 50. Hautakuja mara 50 kamili. Hesabu yoyote kati ya 37 na 63 ni ya kawaida kabisa, na kwa kuwa unatazama hesabu kumi na mbili kwa pamoja, hata moja ikitoka nje ya mipaka hiyo kidogo usipige kelele.

Nyuma ya karatasi hiyohiyo weka hesabu ya pili, ambayo ndiyo inayolihusu lalamiko lako hasa: kila mara mmoja wenu anapobakiwa na dadu moja na mtupo mmoja, andika alikuwa na milango mingapi na kama alipata. Nakisia kwamba safu ya mashine itajaa miwili, na yako itajaa mmoja. Fanya hivyo kwa wiki mbili, ukicheza kwanza kama ulivyozoea, kisha kama nilivyokueleza, uniletee karatasi zote mbili. Na uso wowote wa dadu katika safu ya mashine ukifika 80 kati ya dadu zile 300, nitakuwa mimi niliyekosea, nami nitaandika hivyo hapahapa.